Ringi Mbili za Fundi Karugendo

Mimi ni fundi Karugendo, na kabla mtu hajaanza kunihukumu, ajue kwamba nimeshika mwiko na randa kwa miaka hamsini hapa Muleba na hakuna paa nililoliezeka likamwangukia mtu. Nasema hivyo mapema kwa sababu habari yenyewe ni ya kitu nilichokijenga vibaya, nikajua kwamba nimekijenga vibaya, kisha nikanyamaza. Kukosea ni kazi ya kila fundi. Kunyamaza ndiko kunakonisumbua mpaka leo.

Mwaka jana mwezi wa Mei alikuja kwangu Lilian, binti wa marehemu Clavery aliyekuwa jirani yangu. Alisoma Dar es Salaam, sasa anafundisha sekondari mjini Bukoba, na ni mrefu kuliko kaka zake wote. Alipiga goti akanisalimu, nikampa kahawa ya kutafuna, akatafuna kidogo kwa adabu, ndipo akaniita waitu, neno letu la heshima, akatoa shida yake.

"Waitu Mzee, naomba unijengee magoli mawili ya mpira wa kikapu, pale chini ya kanisa. Paroko amekubali. Likizo ya Juni nataka kufanya kambi ya watoto."

"Kambi? Watalala wapi?"

"Hawalali, Mzee. Wanakuja saa tatu asubuhi, saa tisa kila mtu anarudi kwao."

Kwangu mimi kambi ni ya jeshi au ya wavuvi kule kisiwani Bumbire, na kote huko watu hulala. Kambi ya kwenda na kurudi nilikuwa sijaisikia. Nikamwambia ni kama kumwalika mtu harusini halafu unamfukuza kabla ya chakula. Alicheka, akaniachia karatasi yenye vipimo. Ringi ikae mita tatu na sentimita tano kutoka ardhini. Alilipigia mstari hilo neno "ardhini", nami nilikerwa kidogo, kwa sababu sikuona ringi ingepimwa kutoka wapi kwingine.

Sasa sikilizeni nilivyofanya. Baba yangu alikuwa mjenzi wa misonge, zile nyumba za nyasi za zamani. Nyumba ya msonge haianzi chini kama hizi za matofali. Inaanza kileleni: unasuka ncha ya paa kwanza, unaiinua, unaendelea kusuka kushuka chini mpaka ufike kwenye ardhi, na sakafu ndiyo ya mwisho kabisa. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa nikiwa mdogo, na mkono uliofundishwa mdogo hausahau. Kwa hiyo nilichimbia nguzo za mikaratusi kwanza, nikafunga mbao, nikapachika ringi za nondo nilizokunjiwa na mchomeleaji, nikapima mita tatu na sentimita tano kutoka ardhini kila upande. Nikarudia kupima. Ilikuwa sawa kabisa. Kisha ndipo nikaita vijana tusawazishe uwanja.

Uwanja wenyewe unateremka kuelekea ziwani. Tulichimba upande wa juu, udongo tukaumwaga upande wa chini, tukashindilia, nikaweka pima maji, ukatulia kama meza. Nilijisifu mno siku ile. Mtoto wa darasa la tatu angeona kilichotokea: upande wa juu ardhi ilikuwa imeshuka na ringi imebaki kule kule, upande wa chini ardhi ilikuwa imepanda. Katika msonge jambo hilo halina madhara, sakafu ikishuka unapata hewa zaidi. Mimi sikuona kitu.

Wavu wa ringi ulifumwa na wajomba zake Lilian wa Bumbire, watu wanaofuma nyavu za samaki, na ulikuwa mzuri kuliko kazi yangu. Siku ya kwanza ya kambi walikuja watoto arobaini, wa miaka saba mpaka kumi na saba, wengi miguu mitupu, wamesimama pembeni wameshikana mikono. Lilian alichukua mpira, akaudunda mara tatu, akaurusha. Nilikuwa nimeegemea toroli langu. Ule mpira ulipanda taratibu, ukafika mahali ukawa kama umesimama mbele ya ziwa lote, kisha ukashuka ndani ya ringi bila kuigusa, na wavu ukafanya sauti ndogo kama ya kitambaa kinachokunjuliwa. Watoto hawakupiga makelele. Walivuta pumzi wote kwa pamoja, na mimi nikavuta nao. Nina miaka sabini. Nimeona umeme ukifika kijijini, nimemwona Askofu, lakini sikumbuki kitu kilichonishika kifua namna ile.

Tangu siku hiyo sikubanduka pale. Nilisema nakwenda kuangalia kama nguzo zimekaza. Siku ya kwanza walinisadiki.

Mjukuu wangu Kokushubila, tunamwita Koku, alikuwa miongoni mwa hao arobaini. Ana miaka kumi na minne, baba yake ni mwanangu Evarist. Evarist si mtu mbaya ila ni mtu wa kahawa, na Juni ni mwezi wa kuchuma. Alimruhusu binti yake kwa masharti: aamke alfajiri, achume debe zima, ndipo aende. Kambi ilikuwa ya wiki nne. Jumamosi ya mwisho watoto wetu wangekwenda Bukoba kucheza na watoto wa kambi ya mjini, na baada ya hapo Lilian alitaka kuchagua timu ya wasichana ya kufanya mazoezi mwaka mzima, kila Jumamosi na Jumapili jioni. Jina la kwanza kwenye orodha yake lilikuwa la Koku.

"Nitakwenda mwenyewe Bukoba nikaone," Evarist aliniambia mimi tata yake, yaani baba. "Nikiona ni kitu cha maana, aendelee. Nikiona ni kurukaruka tu, Tata, mpira atauacha huko huko. Kibanja cha kahawa hakijichumi chenyewe."

Koku alisikia. Tangu siku hiyo alichuma haraka hadi vidole vikawa vyeusi, na saa tatu kasoro alikuwa wa kwanza uwanjani.

Nataka niwaeleze alivyokuwa akirusha. Uwanja una pande mbili, na watoto walikuwa wamezipa majina: Kilimani na Ziwani. Akiwa Kilimani, Koku aliinama mpaka karibu akae, mpira ukaanzia tumboni, halafu mwili mzima ukafunguka kuanzia vidole vya miguu, na mpira ukapaa juu sana, ukakaa huko, ukarudi ukaingia. Akiwa Ziwani alikuwa mtu mwingine. Magoti hayakuinama hata kidogo. Alinyoosha mkono taratibu, akauachia mpira kama anayerudisha yai kwenye kiota cha kuku. Na wenzake wote walikuwa hivyo hivyo, hata wadogo: wakivuka mstari wa katikati wanabadilika miili. Mimi nilistaajabu. Nilidhani ndiyo ufundi wenyewe wa mchezo, kwamba kila upande una mtindo wake, kama vile wimbo wa mwanzo na wimbo wa komunio kanisani. Nilimsifu Lilian mbele ya watu kwa kufundisha jambo gumu namna ile. Aliangalia chini, akasema asante Mzee.

Jumatano ya wiki ya mwisho Lilian aliniomba nikafunge upya wavu wa Kilimani. Alisema umelegea. Nilipofika niliona haujalegea, lakini mwalimu akisema umelegea, umelegea. Nikaegemeza ngazi, nikapanda mpaka kipago cha nne kama nilivyozoea kule Ziwani. Mkono haukufika. Nikapanda cha tano. Haukufika vizuri. Nilisimama pale juu nimeshika nguzo, watoto wamekwenda nyumbani, nikatazama chini, kisha nikatazama ringi ya Ziwani.

Nilishuka nikachukua tepu. Kilimani, mita tatu na sentimita thelathini na tisa. Nikavuka kwenda Ziwani, mita mbili na sentimita sabini na saba. Nikapima tena pande zote mbili, kwa sababu fundi huwa anadhani tepu ndiyo iliyokosea. Kisha nikaketi chini kwenye sakafu yangu iliyotulia kama meza.

Siwezi kuficha nilichofikiri kwanza. Sikufikiri juu ya watoto. Nilifikiri juu ya watu wa kijiji wakisikia kwamba Karugendo ameweka ringi moja juu ya nyingine kwa zaidi ya nusu mita, na vicheko sokoni, na vijana wanaojiita mafundi kwa sababu wana simu yenye picha za nyumba. Watoto nilianza kuwafikiria nikiwa njiani, na hapo nilisimama. Jumamosi walikuwa wanakwenda Bukoba, kwenye ringi za kweli. Koku alijua kurusha juu mno na kurusha chini mno. Hakuwahi hata siku moja kurusha kwenye ringi iliyo sawa. Angekosa mbele ya baba yake, na angeamini kwamba hana mkono, kumbe asiye na mkono ni babu yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nimelisema neno hilo kwa wengine mara nyingi. Alhamisi Lilian aliniuliza kama wavu umekaa. Nikasema umekaa. Alinitazama kwa muda, akaonekana anataka kusema jambo, akaniaga.

Jumamosi tulifika Bukoba saa nne asubuhi. Uwanja ulikuwa Buhembe, wa saruji, umepakwa rangi ya kijani na mistari myeupe iliyonyooka vizuri sana, nguzo za chuma, mbao nyeupe. Watoto wetu walipoingia walitembea polepole kama walioingia kanisani. Wadogo waliinama wakaigusa sakafu kwa viganja, mmoja, Josia wa miaka minane, akalala kifudifudi akaweka shavu. Kocha wa mjini, kijana mmoja anaitwa Haidari, aliwakaribisha vizuri, akawapa maji. Mimi nilitazama ringi. Macho yangu bado ni tepu nzuri yakitaka. Tatu nukta sifuri tano upande huu, tatu nukta sifuri tano upande ule.

Walianza wadogo, wao walicheza kwa kukimbia tu, kila mtu akafurahi. Kisha wakaingia wasichana wa chini ya miaka kumi na tano. Evarist alisimama karibu nami, amevaa koti lake la Pasaka.

Ilikuwa mbaya. Koku alipata mpira mapema, akainama kama aliye Kilimani, akaurusha, ukapita juu ya ubao ukaenda kuangukia kwenye migomba ya watu. Wasichana wa mjini wakacheka, si kwa ubaya, ila walicheka. Mara ya pili akaurusha kama aliye Ziwani, mpira ukapita chini ya ringi bila kugusa kitu. Mara ya tatu hakurusha. Alikuwa na nafasi, hakuna mtu mbele yake, akampa mwenzake, na mwenzake Joviana naye akampa mwingine, mpira ukazunguka kama bakuli lenye uji wa moto lisilo na wa kulipokea. Walikimbia vizuri, walinyang'anya vizuri, na kila walipofika chini ya ringi walitazama juu kama watu waliopotea. Mapumziko yalifika ikiwa kumi na nne kwa mbili.

Evarist hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia uchungu. Aliangalia viatu vyake, akasema polepole, "Basi, Tata. Mtoto ameona mwenyewe. Tusimlaumu."

Nilimtazama Koku. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, anatazama mikono yake, anaigeuza huku na huku kama anayetafuta kilichoharibika. Roho iliniuma kiasi kwamba nilisahau kuona aibu. Nikavua kofia, nikaukatiza uwanja ule wa kijani na viatu vyangu vya udongo, refa akaniambia Mzee zunguka, sikuzunguka.

Nilisimama mbele ya Lilian na wasichana wale kumi. Sijawahi kusimama mbele ya watoto nikitafuta maneno.

"Sikilizeni," nikasema. "Mikono yenu haina kosa. Kosa ni langu. Ringi zangu haziko sawa. Ile ya Kilimani imezidi kwenda juu, ile ya Ziwani imepungua. Nilizipima kabla ya kusawazisha uwanja. Nimejua tangu Jumatano na sikusema. Mmefundishwa kwenye ringi za uongo, na aliyezijenga ni mimi."

Joviana alimtazama Lilian, Lilian akatazama mpira aliokuwa ameushika. Nikadhani hawajaelewa, nikataka kuanza upya.

"Tunajua, Babu," Koku akasema.

"Mnajua nini?"

"Kwamba haziko sawa. Tunajua tangu siku ya tatu. Joviana alimsimamisha Josia mabegani. Ziwani Josia aliishika ringi. Kilimani hakuifikia hata kwa kijiti."

Nilimgeukia Lilian. "Na wewe?"

"Mimi tangu siku ya kwanza, Mzee," akasema kwa sauti ndogo. "Nilipourusha ule mpira wa kwanza nilikuwa Ziwani. Nikaenda upande wa pili, nikajua."

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ningeanzaje, waitu? Wewe ndiye uliyemjengea marehemu baba nyumba yetu, na alipouliza bili ulisema hakuna bili. Nilijaribu. Nilikutuma ukafunge wavu ambao haukuwa umelegea, nikasema ukipanda ngazi utaona mwenyewe, halafu utazirekebisha ringi kimyakimya na hakuna atakayeaibika."

Nikakumbuka alivyonitazama ile Alhamisi.

"Na nyinyi?" nikawauliza watoto. "Wiki nne?"

"Tulikubaliana," Joviana akasema. "Wadogo tuliwaambia atakayesema hatapewa mpira."

Sasa niwaulize, nyinyi mnaosoma. Mmewahi kukaa na watoto arobaini? Mtoto mmoja hawezi kukutunzia siri ya sukari iliyoliwa kuanzia asubuhi hadi mchana. Hawa walikuwa arobaini, kila siku niko pale nimeegemea toroli nawasifu kwa mitindo yao miwili, na hakuna hata mmoja aliyeteleza ulimi, hata Josia. Walizibeba ringi zangu mbovu mwezi mzima. Walijifunza mchezo mara mbili, mara moja kwa kila upande, ili mzee mmoja mwenye kiburi asisikie kwamba amekosea. Nimeyastaajabia mambo mengi katika kambi ile, lakini hilo bado linanitoa machozi, na sioni haya kusema.

Koku alikuwa amesimama. "Zimekosea kwa kiasi gani, Babu? Sisi hatukuwa na tepu."

"Kilimani imezidi sentimita thelathini na nne. Ziwani imepungua ishirini na nane."

"Na hizi za hapa?"

"Hizi ziko sawa. Zote mbili."

"Kwa hiyo hizi ziko katikati ya zetu."

"Karibu kabisa na katikati. Chini kidogo ya katikati."

Alifumba macho. Hakushika mpira. Aliinama mpaka chini, akafunguka, ule mrusho wa Kilimani. Kisha akasimama wima akanyoosha mkono, ule wa Ziwani. Akarudia vyote viwili. Halafu akainama nusu, akasimama hapo, akatikisa magoti kidogo kushuka na kupanda, kushuka na kupanda, akitafuta. Mimi najua hiyo kazi. Ndivyo ninavyotafuta katikati ya boriti kwa mkono kabla ya kuiweka begani. Lakini boriti unaishika, na yeye alikuwa anatafuta katikati ya vitu viwili vilivyokuwa Muleba, akiwa Bukoba, amefumba macho. Wenzake wakasimama mmoja mmoja wakaanza kufanya vile vile. Wasichana kumi wamefumba macho wanainama nusu, na watu wa mjini wanawatazama bila kujua wanafanya nini. Haidari aliacha kuongea na wachezaji wake.

Filimbi ikalia. Mrusho wa kwanza wa Koku ulipiga mdomo wa mbele wa ringi ukatoka nje. Nikamwona anaitikia kwa kichwa, peke yake, kama mtu aliyepewa jibu. Mara ya pili alikuwa mbali, mbali kuliko nilivyowahi kumwona akirusha, na msichana mrefu wa mjini alikuwa anamjia mikono juu. Koku aliinama nusu, akafunguka. Mpira ulipanda, si sana na si kidogo, ukaenda moja kwa moja mahali pake, na wavu ukafanya ile sauti.

Baada ya hapo sikumbuki mpangilio. Nakumbuka Joviana akifunga mara mbili mfululizo. Nakumbuka Koku akivuka mstari wa katikati na mwili wake haubadiliki, kwa mara ya kwanza tangu aanze kucheza pande zote mbili zilikuwa kitu kimoja, na alicheka akiwa anakimbia, nadhani alikuwa hajui kama anacheka. Walikuwa wamezoea kufanya hesabu mbili, sasa walikuwa na moja, na ile nafasi iliyobaki kichwani waliitumia kuonana. Pasi zilikwenda bila mtu kutazama. Watu waliokuwa wanapita barabarani walisimama. Wasichana wa mjini waliacha kucheka wakaanza kucheza kwa nguvu zao zote, nao ni wazuri, tusiwanyime haki yao. Mimi nilikuwa bado nimeshika kofia mkononi, jua linanipiga utosini, sikuwa na habari.

Walifungwa ishirini na sita kwa ishirini na nne. Mpira wa mwisho wa Koku ulizunguka ringi mara mbili ukatoka. Uwanja mzima ukapiga makofi, na Haidari akaja akawapa mikono wasichana wetu mmoja mmoja.

Koku alikuja mbele ya baba yake, akapiga goti juu ya saruji ile ya kijani kama wasichana wetu wafanyavyo wanaposubiri neno la mkubwa. Evarist alifunga vifungo vya koti lake. Alikuwa anamtazama kana kwamba ni mgeni aliyeletwa nyumbani kwake.

"Utachuma asubuhi," akasema hatimaye. "Jioni utakwenda kucheza. Mwaka mzima." Akakohoa. "Inuka, utachubuka magoti."

Tukiwa ndani ya basi tukirudi Muleba watoto waliimba mpaka wakachoka, wengine wakalala wameegemeana. Nilikuwa nimekaa na Evarist. Nilikuwa nimekwisha kumwambia Lilian kwamba wiki ijayo nachimbua nguzo zote mbili, mchana kweupe, na anayetaka kuja kucheka aje na jembe. Nilijisikia mwepesi. Nikadhani mambo ya siku ile yamekwisha.

"Tata," Evarist akasema.

"Naam."

Aliangalia dirishani, akaangalia mikono yake. Nikageuka kumtazama vizuri, nikaona anakunja na kukunjua pindo la koti lake. Huyu ni mwanangu wa kwanza, ana miaka arobaini na sita, ana watoto wanne, kijiji kizima humwita kusuluhisha ugomvi wa mipaka. Na alikuwa ananiogopa. Nilikuwa sijawahi kuliona hilo, au nilikuwa nimeliona siku zote nikaliita heshima.

"Sema, mwanangu."

"Mlango wa nyumba yangu," akasema. "Ule uliotutengenezea tulipooana. Haufungi, Tata. Haujawahi kufunga. Usiku tunauwekea jiwe."

Miaka kumi na sita. Nimekula Krismasi zote katika nyumba ile, nimepita mlango ule sijui mara ngapi, na kila nilipokwenda kulala huko mtu alisubiri mpaka nisinzie ndipo akaliburuta jiwe.

"Unakwama juu au chini?" nikamwuliza.

"Chini."

"Kesho baada ya misa nitakuja na randa," nikasema. "Na wewe usitoke. Utaushika mlango upande mmoja, na nikikosea utaniambia pale pale."